Kishikio Nyuma ya Suruali ya Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Mzee ameamka na kusema ukuta wa jikoni umelala. Nikamwambia ukuta huo kaujenga mwenyewe, kama umelala basi ulale salama. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu huyu amecheka vichekesho vyangu vibovu tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni.

Akadai pima maji yake. Mwashi hata akistaafu hatupi pima maji. Ya kwetu inakaa chini ya kitanda pamoja na viatu vyake vya misibani. Nikaiegemeza ukutani. Kiputo kikatulia katikati kabisa, kama mtoto aliyeshiba. Nikamwonyesha. Akasema kiputo kinadanganya. Kisha akashika mlango, miguu ikamvuta kushoto na kiwiliwili kikitaka kulia, akatapika kwenye ndoo ya kufulia. Nguo zangu zilikuwa humo!

Asijue mtu. Hasa Jenerali.

Jenerali ni wifi yangu, dada yake Mzee. Hakuwahi kuwa askari. Ndivyo alivyozaliwa tu. Mwaka jana Mzee alipokosa ngazi moja na kukaa kitako, Jenerali aliita kikao cha ukoo na kukata shauri: siku kaka yake atakaposhindwa kupanda ngazi kwa miguu yake, anahamia kwake. Nyumba ya chini, choo cha ndani, chumba kimoja, kitanda kimoja. Na mimi? Mimi niende kwa binti yangu, safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Binti naye akakubali kwenye simu kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Mimi nilisema sawa kwa mdomo tu, tumbo lilikataa.

Nimelala na mgongo wa mtu huyu tangu ujana wangu. Sihamishwi kama meza.

Nimeshuka kwa mpiga pasi wa chini, ambaye anajua habari za jengo zima kwa kunusa kola za mashati. Mwezi uliopita naye alishikwa na kizunguzungu. Alinisimulia upya bila kuombwa. Kila akigeuka kitandani dunia ilizunguka kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni, kisha ikatulia. Akaenda hospitali, upande wa dharura. Daktari akamlaza ghafla kichwa kikining'inia, akakigeuza, akakigeuza tena, akamkalisha. Kumbe ndani ya sikio mna vijiwe vidogo, na vyake vilihama mahali pake! Vikarudishwa. Eti aliporudi kazini pasi ilikuwa bado ya moto. Anatia chumvi, lakini nimempenda kwa hilo.

Nikamdodosa kwa werevu. Nikasema ni kwa ajili ya bibi mmoja wa mtaa wa pili. Walikuuliza nini hasa? Akasema alikuwa amejiandaa kueleza kama kichwa kinaelea au kinazunguka au ni chepesi, daktari akamkatisha. Alitaka kujua tu: kilianza vipi, kinakaa muda gani, kinaletwa na nini. Na mwisho lazima utembee peke yako. Asiyetembea peke yake haruhusiwi kurudi nyumbani.

Mpango mzima umenijia nikiwa katikati ya ngazi. Nimesimama nikajipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka mapema kushona. Mimi sikusoma. Hata herufi nilizijua kwa sindano, nikitarizi majina kwenye mifuko ya sare za watoto wa watu. Ndiyo maana naandika kifupi. Uzi haupotezwi. Lakini nipe kitambaa uone! Nimechukua ukanda wa mkoba wangu wa zamani nikaushona nyuma ya suruali ya Mzee, pale kwenye kiuno, ukawa kishikio kizuri. Koti linakifunika. Nimekivuta kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika.

Kisha mafunzo. Nikamwambia ukiulizwa kinaanza lini, sema nikigeuka kitandani. Ukiulizwa kinakaa muda gani, sema muda wa kufunga kifungo cha shati, halafu kinaisha. Mzee akabisha. Akasema chake hakiishi. Tangu jana alfajiri hakijakoma hata kidogo. Akilala tuli bado dari inapita juu yake kama mawingu. Nikamwambia asianze. Vijiwe ni vile vile, ila vyake vingi zaidi. Mwashi! Maisha yote kwenye vumbi la mawe! Masikio ya mpiga pasi yana vijiwe, ya kwake yana kokoto. Kilichobaki ni kuvirudisha. Akanitazama sana, kisha akavaa suruali.

Tumeshuka mpiga pasi akiwa bafuni. Nimemweka kwenye teksi kama kikapu cha mayai.

Hospitali, watu wamejaa benchi kwa benchi. Nikamwambia Mzee augue kidogo ili tuharakishwe. Akaugua vizuri mno. Baadaye nikagundua hakuwa akiigiza.

Daktari ni binti mdogo mwenye mikono ya baridi kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Kauliza yale yale, neno kwa neno! Nikajibu. Akaniambia, Bibi, naomba mzee ajibu mwenyewe. Nikakohoa, ambayo ndiyo ishara. Mzee akafungua mdomo. Nikaona kabisa ukweli umefika kwenye meno. Akanigeukia. Mtu huyu hajawahi kumpunja mtu hata koleo moja ya saruji. Akasema: nikigeuka kitandani, muda wa kufunga kifungo.

Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi.

Binti Mikono Baridi akamshika kichwa, akamwambia aitazame pua yake yeye daktari, kisha akakigeuza kichwa ghafla. Macho ya Mzee yakabaki kwenye pua kama msumari ukutani. Nikampongeza kwa sauti, nikasema hayo ndiyo macho ya fundi. Daktari akamlaza kwa nguvu kichwa kikining'inia, Mzee akamtapikia viatu. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamkalisha. Kama kwa mpiga pasi. Nilikuwa nimeridhika mpaka nikatamani kupiga vigelegele.

Halafu: atembee hadi pazia na kurudi. Bibi, mwachie.

Nikasema namwachia, ila nitamfuata na kofia yake maana bila kofia anajiona uchi. Mkono mmoja kofia, ukaonekana na wote. Wa pili chini ya koti. Daktari amesimama mbele, mimi nyuma. Alikuwa mzito kama gunia la saruji lililonyeshewa. Kushoto, kushoto, daima anataka kushoto, na mimi navuta kulia, huku natabasamu kama niko harusini. Katikati ya safari wakamwita daktari kwa kelele nyuma ya pazia, kumeletwa majeruhi wa ajali, akageuza shingo. Bahati yangu! Alipotazama tena, Mzee alikuwa amefika, amesimama wima, na jasho lote lilikuwa langu.

Tumeachiwa. Akatupa onyo: akianza kuongea kama mlevi, akiona vitu viwili viwili, mkono ukikosa shabaha, akishindwa kukaa au kusimama, turudi hapo hapo, tusingoje. Nikaitikia kwa kichwa kizima.

Bega langu limevimba. Ushindi una maumivu yake.

Jumatano, 5 Machi

Nilitegemea atakuwa amepona. Bado. Nikasema labda vijiwe vinatafuta viti vyao.

Jenerali kaja na mfuko wa machungwa. Mpiga pasi kamwambia kila kitu, hadi rangi ya teksi! Kumbe bafu lake lina dirisha.

Nilisikia hatua zake ngazini nikafanya kazi haraka. Mzee kwenye kiti, mito miwili kushoto, mmoja kulia, shuka juu ya vyote. Alionekana kama mfalme aliyenenepa. Jenerali akasimama mlangoni kama anayekagua gwaride. Akamuuliza, kaka, mbona umeinama kama nguzo ya umeme iliyogongwa na lori? Nikajibu mimi: daktari kamkataza kutikisa kichwa. Akasema asimame basi amsalimie dada yake. Nikamwambia, wifi yangu, umekuja kumjulia hali au kumnunua? Akanijibu kama kaka yake angekuwa anauzwa angeshamnunua zamani, kwa huruma tu.

Akamenya chungwa, akampa kipande. Mkono wa Mzee ukatoka chini ya shuka, ukalipita chungwa, ukashika hewa. Ukarudi. Ukalipita tena upande wa pili.

Nikasema siku hizi hapendi machungwa. Mbele ya mtu aliyelelewa naye chini ya mchungwa wa baba yao! Jenerali hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema kesho asubuhi anakuja na gari, na kaka yake atashuka ngazi mbele ya macho yake. Akishindwa, mjadala umekwisha. Nikacheka kicheko cha mtu asiye na wasiwasi. Kilitoka kama mlango wenye kutu.

Kutwa nzima Mzee ana kwikwi. Haikomi. Nimempa maji, yakampalia. Nimemwambia abane pumzi. Mwisho nimegonga sufuria nyuma ya kichwa chake ili ashtuke. Aliyeshtuka ni mimi, maana yeye hakushtuka.

Daktari alisema mkono ukikosa shabaha. Nalikumbuka neno hilo vizuri. Lakini kile kilikuwa kipande kidogo sana cha chungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Kalamu nimemwazima mlinzi.

Asubuhi nimempa chai, ikatokea puani. Sauti yake si yake. Ni ya mtu mwingine anayesema kutoka ndani ya pipa. Mito haikumsaidia tena. Nikimweka, anamwagika. Na mimi nilifanya nini? Humu huwa nasema yote, basi na hili nalisema. Nilichukua shuka nimfunge kwenye kiti kabla Jenerali hajafika. Nilishafunga fundo la kwanza.

Akasema nimwite dada yake. Nikamwambia anakuja, ndiyo maana tunajiandaa. Akasema nimwite sasa. Nikavuta fundo. Ndipo akaniambia, kwa ile sauti ya pipa, kwamba amechoka kusimama kwa ajili yangu.

Nimepiga simu. Vidole vilikosea namba, nikapiga tena.

Jenerali kafika na dereva wake bila kufunga kilemba. Sijawahi kuona nywele zake. Zimekuwa nyeupe zote, kama zangu. Hakugomba. Wamembeba na kiti chake. Kwenye kona ya ngazi Mzee akateleza kutoka kitini, dereva akapapasa nyuma yake akakuta kishikio, akakamata, akamwokoa. Dereva akasifu: nani kabuni kitu hiki, mbona kizuri? Jenerali akakitazama kishikio. Kisha akanitazama mimi. Nikawa naangalia ukuta, ambao kwa kweli umenyooka sana.

Hospitali Mikono Baridi alikuwepo. Alipomwona Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Wakamkata suruali kwa mkasi, maana hakuwa wa kuvuliwa. Daktari akaibuka na ukanda wa mkoba wangu mkononi. Akauliza ni nini.

Nikasema ni mtindo.

Hakuna aliyecheka. Jenerali akasema neno moja: wifi. Hakusema kwa ukali. Kwa ukali ningeweza kunyamaza.

Nimesema yote. Vijiwe, kifungo cha shati, kofia, koti. Daktari akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Kizunguzungu kinachokuja na kwenda kwa kugeuka kitandani ni ugonjwa mmoja, nao hauui. Kinachoanza na kisikome, mchana na usiku, hicho ni safari nyingine. Kwa mwenye hicho cha pili ndipo anapogeuza kichwa na kutazama macho. Likiwa ni sikio linaloumwa, macho huteleza kutoka kwenye pua yake, kisha hurudi. Yakibaki kama msumari, hofu iko kwenye ubongo. Kwa vile tulimwambia ni cha kuja na kwenda, kipimo kile hakikuwa na maana kwake. Akaona macho mazima, akayapita.

Hayo ndiyo macho niliyoyapongeza.

Na kutembea, akasema, ndiyo ilikuwa ngome yake ya mwisho. Asiyeweza kutembea haendi nyumbani, hata awe amejibu vizuri vipi. Kisha akasema na yeye alipaswa kuinua koti. Nikamwambia, mwanangu, usijitwike gunia langu. Akanijibu kila mtu ana lake.

Wamempiga picha ya kichwa. Sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayomwekea mtu mizani ya mwili, imekosa damu tangu Jumatatu. Sasa imevimba na inabana njia ya maji ya kichwa. Lazima wafungue fuvu nyuma, upesi. Huenda asiamke.

Suruali imekatwa vipande viwili. Kishikio kizima.

Ijumaa, 7 Machi

Yuko ndani. Sisi tuko nje, mimi na Jenerali, benchi moja.

Nilitarajia anirarue. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, mengine makali sana. Badala yake ametandua mtandio wake akatufunika wote wawili, akasinzia. Kichwa chake juu ya bega langu, lile lililovimba. Anakoroma kama mashine ya kuchanganya zege. Sikumwamsha.

Nimefanya mpango na Mungu. Nimemwambia kama lazima achukue mtu leo, kwenye benchi hili wako wawili, achague. Nikamsukuma Jenerali mbele kidogo. Baadaye nikaona aibu nikamrudisha, nikasogea mimi.

Alipoamka ameniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema mwongo, akanipa nusu ya mkate wake. Nusu kubwa.

Akaniambia jambo. Kwamba walipokuwa wadogo, yeye ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni siku mama yao alipozikwa. Tangu siku hiyo hajaweza kuacha. Nikamwambia na mimi nimembeba. Akasema najua, dereva kanionyesha unavyombeba.

Ningekuwa na nguvu ningemzaba kibao. Nimecheka mpaka nikalia. Kisha nikalia bila kucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Hajaamka.

Jumatatu, 10 Machi

Kafungua macho! Moja kwanza, kisha la pili, kama mwenye nyumba anayefungua madirisha asubuhi. Nikamshika mkono wa kulia, ule mzuri. Akaubana. Mkono wa kushoto bado unatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba.

Kichwa kimefungwa bandeji, mpira umeingizwa puani, na ndiko chakula kinakopitia. Juu ya kitanda wamebandika onyo: asipewe chochote kwa mdomo. Muuguzi wa zamu kanieleza koo lake limesahau njia; kitu kikishuka kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hilo litamuua baada ya yote haya. Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli.

Lakini midomo yake! Imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Na macho yakinitazama. Mtu aliyekunywa chai yangu kila asubuhi tangu kuoana. Nikafikiri: mpira ni wa chakula. Chai si chakula.

Nilikuwa nayo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, yenye sukari nyingi. Nikangoja muuguzi ageuke. Kijiko kimoja tu. Cha mtoto.

Akakohoa. Akakohoa hadi akawa rangi ya majivu. Mashine ikalia, wakaja mbio, wakanisukuma ukutani, wakaingiza mrija kinywani mwake wakavuta chai yangu, nikaiona ikipita kwenye mrija, bado ina rangi nzuri. Akarudi. Taratibu akarudi.

Nimepigwa marufuku kuingia wodini. Muuguzi hakupaza sauti. Alinifungulia mlango tu, akasubiri nipite. Jenerali anaingia. Mimi sionekani hata dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Jenerali ananiletea habari kila akitoka. Ni mkweli kupindukia. Ukimuuliza kama amenitaja, anasema hapana. Ukimuuliza kama alitabasamu, anasema upande mmoja wa uso. Hajui kupamba! Ningekuwa mimi ndiye ninayeingia, ningemletea habari zenye maua.

Leo, hata hivyo, katoka akasema: amekuuliza. Amesema neno moja, yuko wapi. Nikamuuliza, alisema kwa sauti gani? Akafikiri sana. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeweka kitu mahali na hakikioni.

Nimelibusu shavu la Jenerali. Alilifuta.

Jumapili, 23 Machi

Nimeruhusiwa kuingia baada ya kuapa mbele ya muuguzi, daktari na mfagiaji aliyekuwa anapita. Mfuko wangu unakaguliwa mlangoni. Sawa.

Mzee anakaa mwenyewe! Anameza uji mzito, polepole, kidevu kifuani kama walivyomfundisha. Sauti inakwaruza lakini ni yake. Nimemletea pima maji. Ameiegemeza ukutani kwa mkono mzuri, akakitazama kiputo, akasema ukuta wa hospitali hii umeinama kweli, fundi wake alikuwa mwizi. Nikaitazama. Umeinama kweli!

Mikono Baridi kapita. Akasema hata sasa kila mwenye kizunguzungu akitembezwa, yeye huinua koti kwanza. Wauguzi wameanza kufanya vivyo hivyo. Sikujua nicheke au nilie, nikamwambia mikono yake bado ya baridi, avae glavu. Akanikumbatia nayo hivyo hivyo.

Kesho mtaalamu wa mazoezi anataka kumwona akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, peke yake, bila kushikwa. Akiweza, anaruhusiwa. Asipoweza, anabaki mpaka aweze. Huko nyuma niliambiwa kwa nini. Nakumbuka kila neno.

Na Jenerali kanishangaza. Kasema ametoa kabati kwenye kile chumba, ameweka kitanda cha pili. Changu. Alisema akitazama pembeni, kama anayetema mbegu. Hakuna tena cha kutenganishwa, niende nikae nao, mimi na Mzee, mpaka ngazi zisahaulike. Nilikaribia kumshukuru. Kisha nikaenda kukiona hicho kitanda. Kimewekwa karibu na mlango wa choo! Dharau naijua nikiiona. Hapana. Mzee akitembea vizuri kesho, tutapanda ngazi zetu wenyewe mpaka kwetu, na Jenerali atakuja na machungwa yake kama mgeni.

Jioni hii Mzee kaniita karibu. Kanishika mkono. Akasema kesho nisimshike. Akianguka, waone ameanguka. Ndiyo kazi yao kuona. Akasema amewahi kusimama kwa ajili yangu mara moja, ikamfungua kichwa. Kesho anataka asimame kwa ajili yake, au aanguke kwa ajili yake. Nikamwapia kwa jina la binti yetu. Nilikuwa nalia. Nilimaanisha kila neno, na bado namaanisha.

Suruali mpya niliyomshonea ni ya kitambaa chepesi. Kishikio cha safari hii nimekiweka ndani kabisa, kati ya bitana na kitambaa, kwa uzi wa rangi ile ile, mshono mara mbili. Nje hakuna kinachoonekana, hata ukiinua koti. Nimekining'inizia ndoo iliyojaa maji. Hakikulalamika.

Nimeapa sitamshika Mzee. Suruali sikuiahidi chochote.